Mama wa Posta na King'ora cha Saa Sita

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, gari jeupe lenye mabonde juu ya paa linasimama kando ya sanduku la barua, kwenye njia panda ya vumbi maili tatu kusini mwa mji mdogo wa Corwell, Oklahoma. Mkono unatoka dirishani, unafungua kimlango cha sanduku, unaingiza gazeti la wakulima, bahasha mbili na kifurushi cha mbegu, kisha unafunga. Macho ya mwenye mkono hayako kwenye sanduku. Yako juu, upande wa kusini-magharibi, yanakotoka mawingu.

"Upepo wa leo umelowa," Darlene Koehn anamwambia mwandishi aliyepanda naye garini, akiupitisha mkono wake shavuni. "Umeusikia? Jana ulikuwa mkavu kabisa. Huu umetoka mbali, kule kusini kwenye bahari ya Ghuba, na umekuja na maji yake. Ngoja mchana ufike, utaona mwenyewe."

Redio ya mawasiliano iliyofungwa chini ya dashibodi inakoroma, halafu sauti ya mzee inapita.

"Darlene, uko wapi, na umekula?"

"Niko kwa Wedel, Mzee Gaylon. Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mzee, unataka habari za mawingu au za tumbo langu?"

"Nianzie na tumbo. Mawingu bado yanajipanga."

Darlene anacheka peke yake na kuondoa gari. Usukani wake uko upande wa kulia, tofauti na magari mengine yote ya wilaya hii, ili mkono ufike kwenye masanduku bila yeye kushuka. Mswahili akipanda gari hilo anajisikia yuko kwao, mpaka atazame nje na kuona ngano imetandazwa pande zote mpaka macho yachoke.

Ana umri wa miaka hamsini na tisa. Ishirini na mitatu kati ya hiyo ameimaliza barabarani, akipeleka barua kwenye masanduku mia nne na kumi na mawili, maili tisini na sita kwa siku, siku sita kwa wiki. Anajua nani ana mbwa mkali, nani anasubiri barua kutoka kwa binti aliyenuna, na nani hasikii vizuri sikio la kushoto.

Hiyo ndiyo kazi inayomlipa. Ile ya pili haimlipi hata senti. Kila ifikapo Aprili, Darlene na wenzake kumi huwa watazama mawingu: watu wa kujitolea wanaozifuatilia dhoruba kwa macho, tangu zinapoota mpaka zinapokufa, na kutoa taarifa kwa redio. Kuna mkulima wa ngano, msusi, mwalimu wa uchomeleaji, na wengine wa namna hiyo. Mabonde ya paa la gari ni ya mvua ya mawe. Vioo vinne vya mbele vimeshapasuka tangu aanze, na vyote amevibadilisha kwa mshahara wake wa posta.

"Watu hudhani rada inaona kila kitu," anaeleza. "Rada iko maili themanini kutoka hapa. Ikitupa jicho lake mpaka Corwell, jicho limeshapanda juu sana. Linaona kichwa cha wingu. Miguu haliioni, na tonado, ile nguzo ya upepo unaozunguka mpaka ardhini, ni mambo ya miguuni."

Mumewe, Virgil, fundi wa mashine za kuvunia, ameshazoea. "Miaka thelathini na tatu ya ndoa," anasema, "na bado ananitazama usoni mimi nikikaa upande wa kusini-magharibi tu."

Anayewaunganisha wote ni Gaylon Tabor, mzee wa miaka sabini na minne. Alikuwa mchomeleaji mpaka alipoanguka kutoka kwenye ghala la nafaka na miguu ikakataa. Sasa hukaa jikoni kwake kwenye kiti cha magurudumu akiwa na redio tatu na simu moja. Huwasikiliza watazama mawingu, huchuja wanayosema, na kuyafikisha kwa ofisi ya hali ya hewa na kwa wilaya, ambako kuna mtu mwenye kidole juu ya kitufe cha king'ora.

Kidole hicho kinafuata neno la mtazamaji. Darlene anajua uzito wa jambo hilo kuliko wenzake, kwa sababu neno lake liliwahi kumvunja mtu nyonga.

Ilikuwa miaka saba iliyopita, Jumatano ya Aprili. Siku hizo wafugaji wa huku huchoma nyasi kuukuu za malisho ili mpya zichipue kwa ajili ya ng'ombe. Moto wa jana yake ulikuwa umelala chini ya majivu nyuma ya kilima kimoja, na upepo wa dhoruba ukaufufua. Darlene, akiwa ng'ambo ya kilima, aliona nguzo ya kijivu ikipanda, ikijisokota, na kugusa tumbo la wingu jeusi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mgongoni kwake, ukipeleka harufu yote upande wa pili.

"Nikasema kwenye redio: tonado ardhini," anasimulia, na sauti inashuka. "Baada ya dakika mbili upepo ukageuka. Nikasikia harufu ya nyasi. Mtu aliyekulia hapa anaijua harufu hiyo akiwa usingizini. Nikapiga redio kusahihisha, lakini king'ora kilikuwa kimeshalia."

Mjini, Bi Opal Reimer, mjane wa miaka sabini na saba, aliamini king'ora kama alivyofundishwa tangu utotoni. Alitoka kwenda kwenye handaki lake la uani. Ngazi zilikuwa na ukungu wa kijani. Aliteleza kwenye ngazi ya tatu, akaanguka mpaka chini, akalala gizani dakika arobaini na nyonga iliyovunjika kabla jirani hajamkuta. Alikaa wiki sita hospitalini. Tangu siku hiyo anatembea na kitembezi cha chuma.

Kufika Jumatatu, mji mzima ulikuwa unajua ni nani aliyeuita moshi tonado.

Corwell ina watu mia tisa na mgahawa mmoja, na mgahawani hakuna anayehurumiwa. Mtu akiona mvuke wa kahawa yake humwita Darlene aje kuukagua. Mpishi akiunguza mkate, meza nzima hugeuka. "Darlene, hii nayo vipi? Tukimbie au tupake siagi?" Kinara wao alikuwa Merle Janzen, mnadi wa minada ya ng'ombe na ya kanisa, mtu mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti lakini hukishika hata hivyo. Ndiye aliyembatiza jina: Mama Moshi.

Darlene alicheka pamoja nao, kisha akaenda kurudisha redio kwa Mzee Gaylon. Mzee akaisukuma tena kwake kwa ncha ya kidole.

"Kaa nayo," akamwambia.

"Mzee, nimemvunja mtu."

"Najua. Sasa unataka nimpe nani? Ambaye hajawahi kukosea? Huyo la kwake bado linakuja, na sijui litakuwa kubwa kiasi gani. La kwako nalijua."

Alikaa nayo. Ila tangu siku hiyo akawa na tabia ambayo wenzake waliitania na baadaye wakaiiga: kabla ya kutamka neno "tonado" hushuka garini, akavuka barabara, akanusa upepo kutoka pande zote.

Sasa ifahamike jambo moja kuhusu king'ora cha Corwell. Kila Jumamosi saa sita kamili mchana kililia dakika tatu kwa majaribio. Wazee walirekebishia saa zao kwa mlio huo, mbwa waliuitikia, na akina mama waliutumia kujua kama mkate umekaa sana jokoni. Mgeni akishtuka, wenyeji walimcheka na kumwambia ndiyo kengele ya chakula. Kanuni inasema jaribio lisifanyike kukiwa na hali mbaya ya hewa. Lakini jua likiwa linawaka, nani anakumbuka kanuni?

Na Jumamosi ile ya Aprili mwaka jana, jua lilikuwa linawaka.

Ulikuwa mnada wa mifarishi. Kila mwaka wanawake wa makanisa ya wilaya hushona mifarishi ya vipande vipande kwa mkono, msimu mzima wa baridi, kisha huiuza kwa mnada na fedha kupelekwa kwa wenye njaa nchi za mbali. Banda la bati la uwanja wa maonyesho, linalotazamana na nyumba ya Mzee Gaylon, lilifurika. Kulikuwa na harufu ya verenike, yale maandazi ya jibini yanayomwagiwa mchuzi mzito, na watoto walikuwa wanakimbizana chini ya meza.

Tangu Ijumaa ofisi ya hali ya hewa ilikuwa imetangaza siku ya hatari: tonado nyingi, kuanzia saa tisa alasiri. Watu walisikia. Walipanga kumaliza mnada saa nane na kuwa makwao, karibu na mahandaki. Mpango ulikuwa mzuri, tatizo mawingu hayakuuona.

Saa tano na dakika ishirini, Trent Wedel, mkulima wa ngano aliyekuwa maili ishirini magharibi, alifungua redio.

"Mzee Gaylon, hapa Trent. Hili wingu halikusoma ratiba."

"Lina nini?"

"Lina haraka. Dakika kumi zilizopita lilikuwa kama kiganja. Sasa siuoni juu yake mwisho."

Saa tano na dakika arobaini tonado ya kwanza ikagusa chini wilaya ya jirani, kwenye ngano tupu. Ikakaa dakika nne, ikanyanyuka. Msusi akaripoti wingu la pili likiota kusini yake. Mwalimu wa uchomeleaji akaripoti la tatu. Mzee Gaylon alikuwa anaweka alama kwa penseli kwenye ramani iliyotandikwa juu ya meza ya jikoni, na alama zilikuwa zinapangana kwa mstari.

"Darlene," akaita. "La pili hilo. Linakuja kwako, mama. Niangalizie miguu."

Darlene alikuwa maili tatu kusini mwa mji, na masanduku sitini bado. Aliegesha juu ya kilima. Mjini, nyuma yake, kulikuwa kweupe. Mbele yake tumbo la wingu lilikuwa limeshuka na kipande chake kilikuwa kinazunguka, polepole, kama unga kwenye maji unapokorogwa.

Chini ya kipande hicho, pembeni mwa shamba, kitu cha kahawia kilikuwa kinapanda.

"Kilikuwa rangi ileile," anasema. "Rangi ya ule moshi. Nikaganda."

Alishuka. Akavuka barabara. Akanusa huku, akanusa kule. Kwa dakika nzima, kwa saa yake ya mkononi, alisimama akinusa upepo huku mkono ukiwa umekaza kipaza sauti cha redio. Mpaka leo dakika hiyo humjia akiwa anaosha vyombo.

Kisha bati la ghala moja tupu likapaa, likageuka hewani taratibu, likapotea ndani ya kile kitu cha kahawia. Moshi haung'oi mabati.

"Tonado ardhini," akasema. "Maili nne kusini, moja magharibi mwa Corwell. Inakwenda kaskazini-mashariki. Si moshi, Mzee. Nakuapia si moshi."

"Nimekusikia tangu mwanzo," Mzee Gaylon akajibu, na tayari alikuwa ameshika simu ya wilaya.

King'ora cha Corwell kikalia saa sita kasoro dakika moja.

Ndani ya banda, Merle Janzen alikuwa ameinua mfarishi wa buluu na mweupe. Akatazama saa yake, akasogeza kipaza sauti mdomoni. "Haya, mmeisikia, saa sita hiyo. Mwenye njaa apandishe bei tumalize tukale!" Banda likacheka. Mnada ukaendelea. Simu hazishiki mtandao chini ya bati lile, kila mtu anajua, kwa hiyo hata zilizojaribu kupiga kelele za onyo hazikuweza.

Kutoka dirishani kwake Mzee Gaylon aliutazama mlango wa banda. Hakuna aliyetoka. Akampigia Merle, simu haikuita. Akafungua dirisha, akapaza sauti, king'ora kikaimeza.

"Darlene, hawatoki," akasema kwenye redio. "Mtu hata mmoja. Wanadhani ni kile cha Jumamosi."

Kanuni ya kwanza ya watazama mawingu ni kukaa pembeni mwa tonado, kamwe usiwe mbele yake. Darlene huifundisha kwa wageni kila mwaka. Aligeuza gari na kuelekea mjini, akiwa na zile barua za masanduku sitini kwenye kiti cha kushoto na kile kitu kwenye kioo cha nyuma.

Saa sita na dakika tatu alisukuma mlango wa banda.

"Tokeni! Tonado iko kusini, inakuja hapa! Nendeni shuleni, sasa hivi!"

Watu mia mbili na kumi na wawili, kwa hesabu iliyofanywa baadaye na mkuu wa zimamoto, wakageuka. Wakamwona nani? Wakamwona Darlene, na sare yake ya posta, na nywele zimesimama. Milango nyuma yake ilionyesha jua. Merle hakujizuia.

"Mama Moshi! Umetuletea barua au majivu?"

Banda zima likavunjika mbavu.

"Nilisikia watu mia mbili wakinicheka," Darlene anasema. "Na katikati ya kicheko chao, nje, nilikuwa naisikia. Ilikuwa inanguruma chini kwa chini. Nikajua watakufa kwa ajili ya ule moshi wangu."

Mstari wa pili kutoka mbele, mwanamke mmoja aliweka sahani yake ya verenike sakafuni. Akashika kitembezi cha chuma kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama. Bi Opal Reimer alikuwa na miaka themanini na mitatu, na kwa sababu hasikii vizuri, hajui kusema polepole.

"Merle, funga mdomo," akasema. "Mimi nakwenda shuleni."

Akaanza kusukuma kitembezi. Chuma, hatua. Chuma, hatua.

Kila mtu mle ndani alijua alikipata vipi kile kitembezi. Kicheko kikakatika. Wanaume waliokuwa wamekaa wakaanza kutazama viatu vyao, halafu wakasimama. Wanawake wakaanza kuita watoto kwa majina.

Merle Janzen mwenyewe anasimulia sehemu hii, na hajipendelei. "Kama kuna mtu duniani alikuwa na haki ya kubaki kwenye kiti chake amalize kula, ni yule mama. Nilipomwona anasukuma kile chuma chake nikaona aibu kuanzia kwenye soli. Nikatupa kipaza sauti, nikaruka kutoka jukwaani, nikamnyanyua."

Bi Opal alimwambia nini?

"Aliniambia, 'Nibebe vizuri, nimeshavunjika mara moja.'"

Chumba cha zege cha shule kiko mita mia na themanini kutoka lango la banda. Merle alitangulia na Bi Opal mikononi, kitembezi kikining'inia begani kwake, na mji ukamfuata. Hawakusukumana. Waliofika nje wakatazama kusini mara moja, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhimizwa.

Darlene hakwenda nao. Alivuka barabara, akaingia jikoni kwa Mzee Gaylon, akamkuta bado yuko hewani.

"Mzee, twende!"

"Ngoja nimalizie." Akabonyeza. "Ofisi, hapa Corwell. Nafunga kituo. Jikoni kwangu hakukaliki tena."

Darlene akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mita zote zile, akiwa anakimbia, na mzee akiwa na redio moja mapajani akiisikiliza njia nzima. Mlango wa zege ulifungwa nyuma yao saa sita na dakika nane.

Dakika moja baadaye masikio ya kila mtu yaliziba. Taa zikazimika. Watu waliimba, wengine walilia, mtoto mmoja aliuliza kama mnada umekwisha. Ilipita chini ya dakika moja.

Walipofungua, banda halikuwepo. Sakafu ya saruji ilikuwepo, imefagiliwa safi, na nguzo tatu zimepinda kuelekea upande mmoja. Nyumba ya Mzee Gaylon ilibaki na kuta bila paa. Gari la posta lilikuwa limelala kifudifudi kwenye uwanja wa mpira wa shule. Mkono wa mtu mmoja ulivunjika kwa kujikwaa, na kadhaa walikatwa na vioo. Wote mia mbili na kumi na wawili walihesabiwa hai, na mzee mmoja juu yao, kwa sababu Mzee Gaylon alisisitiza ahesabiwe kivyake.

Siku ile zilishuka tonado kumi na nne katika jimbo. Ya Corwell ilikuwa ya nne.

Barua za masanduku sitini zilipaa. Darlene, ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakuwa amepoteza hata kadi moja, alilia kwa ajili ya barua baada ya kushindwa kulia kwa mengine yote. Wiki iliyofuata zikaanza kurudi. Watu wa wilaya za mbali walizikuta zimenasa kwenye waya, kwenye miti, kwenye bwawa la ng'ombe, wakazikausha na kuzituma tena. Mama mmoja aliyeko maili arobaini alirudisha kadi ya siku ya kuzaliwa na kikaratasi: samahani, ilikuwa imefunguka, nimeisoma, hongera kwa mjukuu, na sisi tunawaombea.

"Zilirudi arobaini na tatu," Darlene anasema. "Wageni kabisa. Hawanijui. Kila iliyorudi nilimpelekea mwenyewe mpaka mlangoni, na kila mlango niliambiwa asante. Mimi! Jamani, asante ya nini? Mimi niliiona tu. Aliyewatoa ni mwingine."

Anamtaja Bi Opal katika kila mazungumzo, hata yale ya bei ya mafuta. Kila Jumapili baada ya ibada humpeleka kula, na Bi Opal humlalamikia kwamba anaendesha kama mwizi. Merle naye amebadilika hadi anachosha. Hatamki tena lile jina. Humwita "mama," humfungulia mlango wa mgahawa, na Darlene anasema adabu yote hiyo kutoka kwa Merle inamtia wasiwasi kama upepo ulionyamaza ghafla.

Lakini Bi Opal alisimama kwa nini? Swali hilo Darlene mwenyewe hajawahi kuuliza. Anasema anaogopa jibu litakuwa la huruma.

Bi Opal, sasa ana miaka themanini na minne, alipoulizwa kibarazani kwake alishangaa kwamba kuna asiyejua.

"Ile siku ya nyonga," akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, "walikuwa wanaongea watazamaji watatu kwa mpigo kwenye redio. Hakuna aliyejua ni nani aliyesema. Wilaya haikujua. Gaylon alijua, na Gaylon ni kaburi. Ningekufa bila kujua."

Akarekebisha blanketi mapajani.

"Usiku wa pili hospitalini, mlango ukafunguka, nikamwona yule binti wa posta. Bado kavaa sare. Akasimama miguuni mwa kitanda akasema, 'Bi Opal, ni mimi. Niliona moshi nikasema tonado. Nilikosea, na wewe umevunjika.' Sikumuuliza. Hakuna aliyemtuma. Nilimfokea, sikufichi, nilimfokea mpaka muuguzi akaja. Kesho yake akarudi. Wiki zote sita alirudi. Na Jumatatu akaenda mgahawani akawaambia wote kwa mdomo wake, ndiyo maana wakapata la kumcheka."

Gari lilipita barabarani, naye akalipungia mkono bila kuliona vizuri.

"Mtu aliyekuja kuniambia amekosea, wakati angeweza kunyamaza, siku akisimama mlangoni akaniambia iko hapa, mimi nitakaa nile verenike? Kwa nini?"

Maneno hayo Darlene alisomewa kutoka kwenye daftari la mwandishi, Alhamisi hiyohiyo, kwenye sanduku la mia mbili na saba. Alizima injini. Akatazama mbele, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anatazama kusini-magharibi. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akasema mawingu yanamuumiza macho.

Mwaka ujao atastaafu posta, redio hatoiacha. Wilaya imehamishia jaribio la king'ora Jumatano saa tatu asubuhi, kwa ombi alilopeleka yeye na kusainiwa na watu wote mia mbili na kumi na wawili waliokuwa bandani. Wanafunzi tisa wamejiandikisha kwa mafunzo ya watazama mawingu yatakayoanza Jumanne ijayo, idadi ambayo Corwell haijawahi kuiona. Merle Janzen ni mmoja wao.

Mafunzo ya namna hii huanza na picha za mawingu. Darlene ameamua ya kwake yasianze hivyo. Jumanne atawapakia wanafunzi wote tisa, kabla hawajashika redio, awapeleke kibarazani kwa Bi Opal na kuwakalisha mbele ya kile kitembezi.

"Mawingu watajifunza, hayo yapo kila siku," anasema, akiwasha gari. "Nataka kwanza wamwone mtu. Siku wakikosea, na watakosea, wajue ni mlango gani wa kwenda kugonga."